Mpunga wa Valibruni

Juzi walikuja kwangu hapa Majengo, Mpanda, walimu wawili wapya, wa jiografia wote, wamepangiwa shule za huko vijijini. Nikawatengea chai. Chai haijapoa, wameshaanza kulia. Projekta hakuna. Mtandao hakuna. Vitabu haba, barabara mbovu, maji ya kuchota. Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikashindwa. Nikawauliza: nyie mlitumwa kufundisha projekta au kufundisha watoto? Wakatazama vikombe vyao.

Sasa nawaambia na nyie mnaokuja nyuma yao, maana kilio chenu nakijua, na mimi sina sukari ya kumtosha kila anayekuja kulalamika. Nimefundisha jiografia na historia huku tangu Katavi haijawa mkoa. Nimestaafu na goti moja bovu, lakini mdomo ni mzima. Hebu nisikilizeni.

Kinachowatesa wengi wenu ni somo la kusoma ramani. Mtoto amezaliwa Ugalla, kwao ni pori na mizinga ya nyuki, nchi imelala tambarare mpaka macho yanachoka. Unamwekea karatasi yenye mistari ya kujipindapinda, unamwambia hizi ni kontua, na hapa pana mlima. Mlima gani? Yeye anaona nyoka wamelaliana. Halafu unamchapa kwa kutokuona mlima. Jamani!

Chukueni boga. Likate katikati, lilaze kifudifudi, halafu ulikate vipande kwa ulalo kuanzia chini kwenda juu. Kila kipande kiweke kwenye karatasi ileile, zungushia kalamu, kimoja ndani ya mwenzake. Ukimaliza, mtoto anaona mwenyewe kwamba boga limekuwa duara ndani ya duara, na kwamba pale ambapo boga lilikuwa na mteremko mkali mistari imebanana. Halafu boga mnalipika. Somo linaloishia tumboni halisahauliki. Ila msitumie tikiti maji. Mwalimu mwenzangu mmoja alitumia tikiti, mlima ukaliwa kabla haujachorwa, akabaki na mbegu.

Boga tulikuwa nalo. Kilichokosekana ni ramani yenyewe. Shule yangu ya kwanza ilikuwa na ramani moja tu ya kufundishia, na haikuwa ya Mpanda, haikuwa ya Tabora, haikuwa hata ya Afrika. Ilikuwa ramani ya kijiji kidogo cha Ufaransa. Msiniulize ilifikaje. Wengine walisema ilikuja ndani ya sanduku la vitabu vya msaada, wengine walisema ililetwa na mapadre wa zamani. Mimi niliikuta imegundishwa kwenye kipande cha mbao, imefunikwa nailoni, na kona moja ya chini imeliwa na mchwa. Kona yenyewe, kwa bahati yetu mbaya, ndiyo iliyokuwa na ufunguo wa ramani, yaani pale panapoelezwa alama hii ni nini na ile ni nini. Mchwa wa Mpanda wana akili ya shetani.

Kijiji kiliandikwa Valbrune. Sisi tukakiita Valibruni, tukaendelea na maisha.

Nilimkuta pale mkuu wangu wa somo, mzee Kasonso, mtu wa Mpimbwe kwenye mashamba ya mpunga, mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka mkunjo unakata. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa anaijua Valibruni nyumba kwa nyumba. Alikuwa akisimama mbele ya darasa na fimbo yake, anaanza: "Tumeingia kijijini kutoka kaskazini. Mkono wa kulia kuna nini?" Darasa zima: "Makaburi!" "Tukivuka daraja?" "Kinu cha maji!" "Juu ya kilima?" "Magofu!" Mwanafunzi wa Kasonso ungemfumba macho ukamtupa Valibruni, angefika kanisani kabla ya misa.

Na watoto walikipenda kile kijiji, sijui kwa nini. Waligawana nyumba. Mmoja anasema ya kwake ni ile karibu na reli, mwingine anasema ile iliyo peke yake mtoni. Siku moja niliwatenganisha wavulana wawili waliokuwa wanakunjana mashati nyuma ya darasa, nauliza kulikoni, naambiwa huyu amejenga kwenye kiwanja cha mwenzake. Kiwanja kiko wapi? Valibruni! Nikawachapa wote wawili kwa kesi ya ardhi ya Ufaransa.

Reli nayo iliwasumbua. Kwetu hapa treni likifika Mpanda limefika, mbele hakuna reli. Valibruni reli inaingia upande huu wa karatasi na kutokea upande ule. Watoto wakawa wanauliza, "Madamu, sasa inaishia wapi?" Nawaambia inaendelea. "Inaendelea kwenda wapi?" Hawakuamini kabisa kwamba treni linaweza kupita mahali bila kuishia hapo.

Sasa nifike kwenye mpunga, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Kando ya mto wa Valibruni kulikuwa na eneo tambarare, limechorwa vistari vidogo vya bluu, kimoja kimoja, mstari chini ya mstari. Hakuna neno lililoandikwa. Ufunguo umeliwa. Nilipomuuliza Kasonso ni nini, alinitazama kwa huruma. "Binti yangu, tambarare, kando ya mto, maji yamesimama. Hiyo ni nini?" Nikasema sijui. "Majaruba ya mpunga," akasema. "Wafaransa wanalima mpunga." Na mtu wa Mpimbwe akikuambia hapa pana mpunga, utabisha na nani? Tukafundisha mpunga. Watoto wakaandika mpunga. Shughuli za kiuchumi za Valibruni: kilimo cha mpunga, usagaji nafaka na usafiri wa reli.

Mwanzoni kabisa, kabla kinu hakijaingia kwenye orodha hiyo, padre mmoja mzee, Mzungu aliyewahi kukaa Ufaransa, alipita shuleni. Alisimama mbele ya ile ramani akatabasamu kama aliyekutana na ndugu. Alitusomea maneno machache. Ndiye aliyetuambia kwamba kile tulichodhani ni ghala ni kinu cha kusagia kinachozungushwa na maji, na kwamba ile alama ndogo katikati ya kijiji ni jiwe la ukumbusho, maana kule kila kijiji, hata kiwe kidogo namna gani, kina jiwe lenye majina ya watu wake waliokufa vitani. Mimi nikanyoosha mkono nimuulize na vile vistari vya bluu. Kasonso akanikanyaga mguu. Padre alipoondoka nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mpunga naujua tangu tumboni mwa mama yangu. Nikamuulize mtu aliyekulia ngano?"

Mungu amrehemu mzee Kasonso. Lakini wakati mwingine natamani nimfufue, nimgombeze, nimrudishe.

Lile jiwe la majina lilinipa kipindi bora kuliko vyote nilivyowahi kufundisha, na sikukipanga. Msichana mmoja aliuliza: "Madamu, na wetu waliochukuliwa kubeba mizigo ya Mjerumani, jiwe lao liko wapi?" Nikasema hakuna. Akasema babu wa bibi yake alichukuliwa, hakurudi, na hata jina lake hawana uhakika nalo. Basi nikawaambia: nendeni nyumbani, ulizeni. Nani alianzisha kijiji chenu? Kabla ya kuhamishiwa vijijini mlikaa wapi? Mahame yenu yako wapi? Nani alikwenda asirudi? Wakaja na majibu wiki nzima, wengine na majibu ya kugombana, maana kila ukoo ulisema ndio uliofika kwanza na wengine wote ni wageni wao. Wazazi wawili walikuja shuleni kunilalamikia kwamba nimeamsha kesi zilizolala. Nikawaambia hiyo ndiyo historia, kama mnataka somo lisilo na ugomvi wapelekeni wakasome hesabu.

Maana hiki ndicho kinachonichosha kwa nyie wasomi. Mtoto anajua mto wa Valibruni unatokea kona ipi ya karatasi na unapokea vijito vingapi. Nikamuuliza, haya, kijito kilichoko nyuma ya vyoo vyetu kinakwenda wapi? Darasa zima hakuna anayejua. Mmoja akajitolea: "Madamu, kile si kinakauka tu?" Nikafunga daftari. Nikawatoa nje wote, tukakifuata kwa miguu mpaka kilipoingia kwenye mto mwenzake, tukarudi tumechubuka na miiba, mkuu wa shule ananisubiri mlangoni amevimba. Fanyeni hivyo. Mtavimbiwa na wakuu wenu, lakini fanyeni hivyo.

Katika darasa lile walikuwemo Deogratias na Anastela, wote wa kijiji cha Kalindwe, huko juu Mwese. Deo alikuwa ndiye bingwa wa Valibruni. Alichora kijiji kile bila kutazama. Anastela alikuwa mbishi, hakubali jambo mpaka alishike. Wote walirudi kwao. Anastela akawa mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye anayewafuata wajawazito nyumba kwa nyumba. Deo akawa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti mzuri, nasema ukweli. Siku hizi ni nadra.

Mwaka jana kiangazi Deo akanipigia simu. "Shikamoo, Madamu. Njoo uone. Tunajenga zahanati. Nimeipanga Kalindwe yote upya kama Valibruni!"

Moyo wangu ulifurahi na kushtuka kwa pamoja. Nikapanda bodaboda. Nyie mnaolalamikia barabara, hamjapanda kwenda Mwese mkiwa na goti bovu. Kila kilima dereva ananiambia, "Bibi, shuka kidogo," nashuka, natembea, yeye anapandisha pikipiki tupu, ananisubiri juu anapiga mluzi. Kufika Kalindwe nilikuwa nimetembea nusu ya safari niliyolipia.

Kalindwe ilivyo ni hivi. Nyumba ziko juu, kwenye bega la mlima, mahali pana pakavu penye upepo. Chini kabisa kuna mto na barabara. Kati ya nyumba na barabara kuna njia ya kushuka, nyembamba, ya mawe, na mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Deo alinipokea chini, barabarani. Nyuma yake tambarare, na kwenye tambarare rundo la mawe, rundo la mchanga, na tofali za kuchoma zimepangwa vizuri. Kila kaya ilikuwa imeleta sehemu yake. Watu walikuwa wamekusanyika, maana siku ile ndiyo ya kuchimba msingi, na mimi ndiye mgeni wa heshima. Nikavikwa kanga mabegani.

Nikatazama chini. Udongo mweusi, umepasuka mipasuko ya kuingiza mguu. Matete pembeni. Nikatazama vichaka: takataka na majani makavu yamenasa kwenye matawi, juu ya kiuno changu. Nyie mkifika mahali, kabla ya kuuliza mtu yeyote, tazameni takataka zimenasa wapi. Mto ukipita huwa unaacha alama ya ulipofika. Na hatua chache kutoka kwenye rundo la mawe niliona mabua. Mabua ya mpunga.

"Deo," nikasema, "hapa mnalima nini?"

"Mpunga, Madamu," akajibu kwa furaha, "kama kule kule!"

Mpunga unaota pale maji yanaposimama, na yeye alitaka kulaza wajawazito pale. Nikamwambia hivyo, mbele ya watu, sikuweza kujizuia. Nikamwambia masika watajifungulia kwenye mtumbwi.

Akabadilika uso. Akanivuta pembeni kidogo, lakini sauti ilimpanda, kila mtu akasikia. "Madamu, unamkumbuka mdogo wangu, Skola? Uchungu ulimshika kule juu, mvua inanyesha. Tukambeba kwa machela kumshusha barabarani, gari linamsubiri hapa hapa. Tuliteleza, tukasimama, tukateleza. Hakufika. Alifia njiani na mtoto tumboni. Gari lilikuwa hapa, Madamu! Nilikuwa naliona taa zake. Sasa mimi nataka zahanati iwe hapa, kwenye gari, kwenye barabara. Lori la saruji linafika hapa, juu halifiki. Na Valibruni kila kitu kiko chini karibu na daraja, ulinifundisha mwenyewe. Kanisa chini, shule chini, watu wanaishi na mpunga wao na mto wao, wako salama!"

Aliyemjibu ni Anastela. Alikuwa amesimama na mikono kiunoni.

"Deo, jaruba langu liko pale. Masika maji yananifika hapa." Akagusa kifua. "Nimekwambia kwenye mkutano, ukaniambia mambo ya Ulaya. Haya, twende tukaione hiyo Valibruni yako, simu si ninayo."

Chini kule mtandao haushiki. Unashika juu, kwenye bega la mlima, karibu na nyumba. Basi tukapanda wote, umati mzima, mimi na goti langu, nahema, namlaani kila aliyewahi kuchora ramani. Tukafika. Anastela akatafuta, akazungusha, akatafuta tena. Mtandao ukawa unakuja na kuondoka. Hatimaye Valbrune ikatokea, ile ya kweli, imepigwa picha kutoka angani, na daraja lake, na makaburi yake kulia ukiingia kutoka kaskazini.

Wanangu, nililia. Sikutegemea. Nilikuwa nimekaa na kijiji kile kichwani miaka yangu yote ya kazi, na sasa nakiona mapaa.

Halafu Anastela akasogeza kidole mpaka kwenye majaruba. Hakuna mpunga. Nyasi tupu, hakuna hata kibanda. Kulikuwa na picha aliyoiweka mtu wa kule, akaifungua. Maji ya rangi ya matope yamejaa tambarare yote, yamegusa daraja, na kanisa na nyumba zote za zamani zimesimama kwa nyuma, kwenye kiinuko, kavu. Kumbe kanisa lilikuwa juu kidogo ya mto. Kontua mbili tu, lakini juu. Na vile vistari vya bluu vilikuwa vinasema jambo moja: hapa hufurika.

Watu wote wakanigeukia.

"Msinitazame mimi," nikasema. "Mtazameni marehemu Kasonso!"

Kukawa na kicheko, hata Deo alicheka kidogo, kisha akaacha. Akakaa kwenye jiwe. "Sawa," akasema. "Chini panafurika. Na huku juu lori halifiki, na gari la wagonjwa halifiki. Sasa niambieni nyie, nijenge hewani?"

Fundi wa zahanati akasema inawezekana kujenga pale pale tuliposimama, pana uwanja mzuri, ila njia ipanuliwe kwa majembe iwe barabara, na vifaa vipandishwe kwa vichwa. Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Mzee mmoja akasema mawe yenyewe waliyateremsha kutoka huku juu! Kweli kabisa. Waliyaokota kwenye bega hili hili, wakayashusha jua kali mpaka mtoni, na sasa wanaambiwa yarudi yalikotoka. Mwingine akasema yeye ameshatoa sehemu yake, hatoi mara mbili. Vijana wakasema wanarudi kwenye pikipiki zao kule barabarani. Mama mmoja akasema bora tungojee serikali. Nikamwambia, mama yangu, mimba haingojei serikali. Akanisonya. Watu wakaanza kuteremka kufuata majembe waliyoyaacha chini, mmoja mmoja, kila mtu na hasira yake. Deo hakumzuia mtu. Alikuwa amekaa tu, ametazama ile njia, na mimi nilijua anaona nini pale.

Najua mnataka niwaambie zahanati ilifika wapi. Kuta ziko usawa wa madirisha sasa, huko juu, na barabara imechongwa mpaka kwenye kona ya pili, inatisha lakini inapitika kiangazi. Masika iliyopita tambarare ilifurika mpaka rundo la mchanga likaenda na maji. Ila nisiwadanganye kwamba ni ramani iliyofanya kazi hiyo, wala simu, wala mimi.

Tulipofika chini tena, watu wamesimama wanaagana kwa kununa, mama yake Deo alikuwa pale kwenye rundo la mawe. Alikuwa ametangulia, hatukumwona akishuka. Mama mwembamba, anaitwa Mama Skola mpaka leo, hakutaka jina lingine. Alikuwa ameshakunja kitenge kikawa kata, amekiweka kichwani, ameinama mbele ya jiwe ambalo hata kijana angelifikiria mara mbili.

"Nitwikeni," akasema.

Nyie mliokulia mjini huenda hamjui. Mzigo mzito mwanamke hajitwiki mwenyewe, lazima mtu amsaidie kuuinua mpaka kichwani. Na mtu akikuomba umtwike, hukatai. Hata kama mmegombana, hata kama hamsalimiani, unaacha ulichoshika unamtwika. Kukataa ni aibu ya ukoo.

Hakuna aliyesogea. Si kwa kukataa, ni kwa kuogopa. Deo akasema, "Mama, acha. Wewe umeshazeeka, mama. Acha."

Hakuinuka pale alipoinama. Aliongea na lile jiwe, si na sisi. "Skola alishuka njia ile ili akatibiwe. Tiba ingekuwa juu, angeshuka kufuata nini? Nitwikeni, jua linachoma."

Deo akaenda. Akashika jiwe upande mmoja, yule mzee aliyekuwa analalamika akashika upande wa pili, wakamtwika. Mama Skola akajiweka sawa, akageuka, akaanza kupanda taratibu, shingo imenyooka, mkono mmoja juu. Hakutazama nyuma. Deo akainua jiwe lake begani akamfuata mama yake, analia waziwazi, mwenyekiti mzima. Kisha yule mama aliyenisonya akavua kitenge, akakikunja kuwa kata. Kisha vijana wakazima pikipiki.

Mimi nilitafuta jiwe dogo. Sioni haya kuwaambia, nililichagua. Nikavua ile kanga ya heshima mabegani, nikaikunja, nikaiweka kichwani, goti likalia nikainama nalo hivyo hivyo. Nikangoja. Hakuna anayekuja. Nikageuza shingo, nikamwona Anastela amesimama nyuma yangu, ameinua simu, anatupiga picha.

"Anastela," nikasema, "hebu weka hilo lisimu lako, unitwike!"